Ngoma ya Rai Ndani ya Kasha

Msambweni,
6 Oktoba 1963

Kaka yangu Chande,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa mimi nina hasira, na hasira si ugonjwa, kwa hivyo usipande lori kuja kunitazama. Shangazi Mwanaima anakusalimu. Bado analala chumba cha pili kunilinda, na bado anakoroma.

Jana alasiri Waziri mwimbaji alikuja na chama chake chote cha ngoma, Mwangaza. Mimi, kwa kuwa nimo ndani ya eda, nilikaa nyuma ya pazia, wao wakaketi barazani. Wamealikwa Kwale kupiga siku ya Uhuru, na wanaitaka ngoma kuu iliyotundikwa chumbani mwangu. Nikamtuma Shangazi awajibu kwamba ngoma kuu hukaa nyumbani kwa mtu wa mwisho aliyeipigia chama, wala haitoki mpaka watu wa nyumba hiyo waitoe kwa mkono wao. Na mtu wa mwisho ni mume wangu Rai, Mungu amrehemu, aliyeipiga mwaka jana walipokwenda Mombasa kutiwa kwenye santuri. Mila hiyo ni yao wenyewe, sikuitunga mimi.

Unajua Waziri alifanya nini? Alikuwa amekuja na gramafoni yake ya tarumbeta, ile ya kuzungusha kwa mkono. Akaweka santuri barazani kwangu, mbele ya wazee. Ikasikika sauti yake mwenyewe, ikasikika zumari, zikasikika chapuo mbili, zile ngoma ndogo, zinadonoa kama kuku. Ngoma kuu haikusikika. Akawauliza wazee kama wamemsikia Rai, wakasema hawakumsikia. Akasema basi, fundi wa santuri alimtoa Rai nje ya chumba, kwa hivyo Rai hakuipigia chama siku ile. Aliyeipiga kabla yake ni yeye Waziri, na ngoma ni ya nyumba ya Waziri. Akafunga maneno hivi, nami nikayasikia vizuri nyuma ya pazia: "Asiyekuwapo na lake halipo."

Kaka, Rai aliniambia mwenyewe. Fundi alimweka ukumbini kwa sababu ngoma ilikuwa ikiitikisa sindano, lakini mlango uliachwa wazi, naye akapiga mpaka mwisho. Aliporudi, kila jioni aliiweka santuri juu ya kile kimashine cha betri ulichotupatia, akaweka kiganja juu ya sanduku lake na kusema, "Nipo. Niko chini." Mimi sikusikia kitu. Nilimwitikia tu kama unavyomwitikia mgonjwa.

Ngoma ikitoka humu kwa neno la Waziri, Rai atakuwa hakupata kuwa mpigaji. Atakuwa Mduruma fulani aliyetoka Kinango akaja Msambweni kukohoa. Sikubali. Hata wakija na askari, sikubali.

Wewe huko hotelini unaziona mashine za Wazungu zinazotikisa sakafu. Chetu kina spika ndogo kama kisahani cha kikombe. Niulizie ni kitu gani huipa mashine kifua. Sitaki mashine mpya, sina nguvu hizo. Nataka cha kuongeza juu ya hiki nilicho nacho, ili kama Rai yumo asikike, na kama hayumo nijue mimi kwanza kabla ya Waziri.

Mdogo wako,
Mwanapili


Diani,
12 Oktoba 1963

Mdogo wangu Mwanapili,

Marahaba, na pole kwa yaliyokufika barazani kwako. Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa lori la korosho, nami nimeisoma jikoni nimesimama, mpishi akaniuliza nani amekufa tena.

Sasa nisikilize kama mkubwa wako. Wewe ni mwanamke ndani ya eda. Waziri ana watu, ana sauti, na mwezi wa Desemba kila mtu atakuwa akishangilia, hakuna atakayetaka kusikia habari za ngoma ya nani. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Hebu wape, wakapige, nchi ipate uhuru wake, kisha tutaizungumza polepole. Rai tunamjua sisi, na Mungu anamjua. Santuri haitamwongezea wala kumpunguzia.

Nikuambie na jingine ambalo hutalipenda. Nimemwuliza Jefwa, fundi wetu wa umeme, kijana wa Kilifi mwenye akili nyingi na maneno machache. Amesema mtu akiwekwa nje ya mlango, huenda akaingia katika santuri na huenda asiingie. Hakuna ajuaye mpaka isikilizwe kwa spika pana. Spika ndogo haiwezi kuitoa sauti nene hata ikiwa imo, kama vile kikombe hakiwezi kupika wali wa harusi. Kwa hivyo unaweza kuhangaika kote huko, ukatoa ushahidi wa Waziri kwa mkono wako mwenyewe. Umelifikiria hilo?

Hapa kuna mambo mengi. Meneja wetu anafungasha kurudi kwao kabla ya bendera kushuka, na mkewe anagombana na kila mtu kuhusu makasha. Lile kabati kubwa la muziki wa dansi limeoza kwa chumvi ya bahari, limetupwa stoo. Ndani yake mna spika mbili pacha, kila moja pana kama sahani ya wali, lakini karatasi zake zimechanika. Nakuambia kama habari tu. Sikuambii ili uzitake.

Nakuombea subira.

Kaka yako,
Chande


Msambweni,
17 Oktoba 1963

Kaka Chande,

Shikamoo. Nazitaka.

Mkeka unaouona umefungwa pamoja na barua hii ni ule wa rangi nyingi niliouanza kabla Rai hajalala kitandani. Rangi sizigusi siku hizi, lakini ulikuwa karibu kwisha, Shangazi ameumalizia ukingo. Mpe mke wa meneja. Mwambie ni kazi ya mwanamke wa Msambweni na hautaoza kwa chumvi. Kama ana akili atakubali kukupa takataka za stoo badala yake.

Umeniuliza kama nimefikiria huenda hayumo. Sifikirii jingine. Nikilala nafikiria, nikisuka ukili nafikiria. Lakini nikiitoa ngoma bila kusikiliza, nitakuwa nimesema mimi mkewe kwamba alikuwa akinidanganya kila jioni. Afadhali santuri iseme. Santuri haina haya, nitalikubali neno lake.

Na sasa na mimi nikuulize. Shangazi alikwenda kisimani akasikia kwamba Waziri anatembea akisema, "Hata Chande, kaka wa mjane, amekubali ngoma itoke." Nimesema huo ni uongo. Nimesema kwa sauti, na nyumba ya pili wamesikia. Niambie kama nilisema kweli.

Ukiwa na maneno mengine ya kunituliza, usiyatume. Tuma spika.

Mwanapili


Diani,
27 Oktoba 1963

Mdogo wangu,

Mzigo huo. Mwambie dereva asiuweke chini ya magunia.

Mkeka wako unakwenda Ulaya. Mama yule aliutandaza sakafuni, akauzunguka mara mbili, akaacha kugombana mpaka chakula cha mchana. Wahudumu wote wanakushukuru.

Haya ndiyo maagizo ya Jefwa, nimeyaandika kama alivyoyasema. Kwanza, karatasi zilizochanika: ziba kwa karatasi laini na gundi ya mkorosho, nyembamba sana, uache zikauke kivulini. Pili, spika bila sanduku ni bure, sauti ya mbele inazunguka nyuma inajiua. Tafuta sanduku kubwa la mbao nene lisilo na ufa hata wa kupitisha mchwa. Toboa matundu mawili ya mviringo, kila spika ifungwe katika tundu lake. Ndani jaza sufi kidogo, kama mto uliochoka. Tatu, waya. Kila spika ina waya mbili. Jefwa amefunga utepe mwekundu kwenye waya moja ya kila spika. Zenye utepe zikae pamoja, zisizo na utepe pamoja, kisha uzipeleke kwenye kimashine, pale nyuma palipo na tundu la spika ya nje. Huo utepe usiuchezee. Na ununue betri mpya, za zamani hazitakuwa na pumzi.

Kuhusu neno la Waziri. Alipita hapa hotelini mwezi uliopita, akaniuliza kama kutakuwa na taabu yoyote juu ya ngoma. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe na wageni wananiita. Nikasema, "Hapana taabu." Yeye akaondoka na jibu hilo, mimi nikaondoka na vikombe.

Sasa unajua. Nimempelekea habari kwamba sikukubali kitu.

Kaka yako,
Chande


Msambweni,
2 Novemba 1963

Kwa Bibi Mwanapili, mjane wa marehemu Rai, kwa mkono wa Bi Mwanaima

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikia kwa heshima kamili ya eda yako, na kwa kuwa si adabu kurefusha maneno kupitia pazia. Mimi na marehemu tulikula sahani moja, na nilimwosha kwa mikono yangu siku alipofariki. Asije mtu akasema namchukia.

Lakini haki ni haki. Mimi nilikuwamo ndani ya chumba kile Mombasa, wewe hukuwamo. Nilimwona fundi akimshika Rai bega na kumpeleka nje pamoja na ngoma. Nilimwonea huruma. Isitoshe, pigo lake lilikuwa na kasoro tangu mwanzo, lilichelewa kidogo, kwa mtindo wa kwao Kinango, na mara nyingi nilimkanya. Santuri ilipotoka niliisikiliza mara nyingi, sikumsikia. Niseme nimemsikia ili kumfurahisha mjane? Hilo nalo ni dhambi.

Serikali ya wananchi inaingia. Chama cha Mwangaza hakiwezi kusimama Kwale mbele ya watu wote bila ngoma kuu, tukaonekana tumekwenda na vijiko na masufuria. Kwa hivyo tutafika kwako Ijumaa ijayo baada ya sala ya alasiri, mimi na wazee wa chama, Mzee Tembo akiwa mkubwa wetu. Tutaipokea ngoma kwa heshima zote. Nakuomba usitutie katika fedheha, wala usijitie.

Ni mimi,
Waziri, Mwenyekiti wa Mwangaza


Msambweni,
4 Novemba 1963

Kaka Chande,

Shikamoo. Barua ya Waziri nimeiambatanisha, uisome ukiwa umeweka sinia chini.

Nimefanya yote. Karatasi nilizibandika, gundi ya mkorosho nilimtuma Shangazi akaikwangua mwenyewe, akarudi na siafu miguuni. Sanduku nilikosa kwa siku kadhaa. Masanduku ya chai ni membamba, unayapiga kofi yanalia. Mwishowe nilitazama mbele yangu, nikaliona kasha langu la mvule, lile alilonitolea Mjomba siku ya harusi yangu, lenye misumari ya shaba. Nikatoa nguo zote. Shangazi akasema nimerukwa na akili, kasha la harusi halitobolewi. Nikamjibu kwamba harusi ilikuwa na Rai, na kasha ni la harusi, basi limsaidie Rai. Akaenda kuazima keekee na msumeno mwembamba kwa seremala.

Nilikata mwenyewe. Mikono yangu sasa haifai kukanda unga. Viungo vya mbao nilivitia kalafati ya pamba na mafuta, kama wafanyavyo mafundi wa mashua, hata mchwa wako hapiti. Nikafunga spika, nikatia sufi, nikaunganisha waya, nikaweka betri mpya.

Kisha nikaiweka santuri.

Hamna kitu. Namsikia Waziri, namsikia wazi kuliko zamani, hata anapovuta pumzi. Chapuo nazisikia. Chini hamna kitu kabisa. Hata kile kivuli cha sauti nilichokuwa nikijidai kukihisi kwenye kimashine kitupu sasa kimetoweka. Niliweka kiganja juu ya kasha kama alivyokuwa akifanya yeye. Mbao zilikuwa kimya.

Shangazi amekaa mlangoni anazungusha tasbihi. Amenisaidia sana, nisimsahau. Siku mzigo ulipofika, yeye ndiye aliyeufungua, akanyoosha waya, akatoa na ule utepe mwekundu akautupa, kwa sababu nyumba ya eda haiingii rangi ya pambo, nami nikaziunganisha waya kwa kukisia, nikidhani zote ni sawa.

Ijumaa watakuja. Huenda Waziri alisema kweli. Huenda Rai alipiga ngoma ukumbini mpaka jasho likamtoka, na mlango ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia. Lakini sikiliza, Kaka, ngoma bado sitoi. Wataichukua kwa mikono yao wenyewe, wakipita mbele yangu, kila mmoja nimtazame usoni.

Mwanapili


Diani,
8 Novemba 1963

Mwanapili,

Sina salamu. Mpagazi wa hoteli anaondoka sasa hivi kwa baiskeli, nimemwomba asipumzike.

UTEPE. Utepe haukuwa pambo, ulikuwa alama. Jefwa ameshika kichwa. Spika hizo ziko katika kasha moja. Ukikosea waya za moja, hiyo inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu toka ndani na huyu toka nje, kila mtu ana nguvu na mlango hauendi popote. Sauti nyembamba zinapita, sauti nene zinauana humo humo.

Fungua spika MOJA tu, yoyote. Badilisha waya zake mbili, ya kulia iwe kushoto. Ya pili usiiguse.

Sijui kama yumo. Jefwa hajui. Lakini ulichosikia siku ile si jibu.

Nilikosea kukuambia uwape. Usiwape.

Chande


Msambweni,
9 Novemba 1963

Kaka yangu,

Shikamoo. Kaa chini.

Mpagazi wako alifika jana watu wakitoka msikitini alasiri. Niliposoma barua yako nilikwisha kuisikia miguu yao barazani na Waziri akikohoa kile kikohozi chake cha uenyekiti. Shangazi akatoka kuwapokea. Nilimwambia awape kahawa, awaulize habari za kila mtu mpaka mbuzi, asiwaharakishe. Unamjua Shangazi kwa salamu. Mimi ndani nimepiga magoti mbele ya kasha na bisibisi.

Nilibadilisha waya zile mbili. Sikupata nafasi ya kujaribu. Nje Waziri alikuwa ameanza kusema, kwa ufasaha wake wote, jinsi chama kilivyomheshimu marehemu. Alipofika kwenye neno "lakini," niliteremsha sindano.

Kaka, nitakueleza kama nilivyoona, maana kusikia kulikuja baadaye. Niliona vumbi linaruka juu ya kifuniko cha kasha. Kisha nikahisi sakafu chini ya magoti yangu. Kisha nikamsikia. Yumo. Yumo tangu pigo la kwanza mpaka la mwisho, mnene, ametulia, amewabeba wote mgongoni, na kila pigo limechelewa kidogo, lile pigo la Kinango ambalo Waziri alimkanya miaka yote. Hakuna mtu mwingine Msambweni apigaye hivyo. Hakupata kuwapo.

Na halafu ngoma yenyewe, ile iliyotundikwa ukutani nyuma yangu, ikaanza kuvuma. Hakuna aliyeigusa. Niliweka mkono juu ya ngozi yake, ilikuwa ikitetemeka kila Rai alipopiga, na katikati ya mapigo ikinyamaza. Jefwa atakuwa na maelezo yake, mwulize ukipenda. Mimi najua ngoma ilisikia sauti yake ikaitika.

Nje Waziri akapaza sauti, "Mwanapili, hata eda huiheshimu? Unapiga ngoma ndani ya nyumba ya msiba?"

Kumbe wao hawakusikia wimbo. Matundu ya kasha yalitazama ukuta wa udongo, nao ulizuia zumari, ukazuia chapuo, ukamzuia Waziri na sauti yake nzuri. Ngoma peke yake ndiyo iliyopita ukutani ikawafikia barazani. Shangazi akalivuta pazia lote mpaka ukutani. Nilikuwa nimejifunika vema, nimerudi kukaa mkekani mbali na ngoma, nikainua mikono yangu miwili juu ili kila mtu aione. Ngoma ikaendelea.

Mzee Tembo aliinuka kwa fimbo yake, akasimama hapo mlangoni bila kuvuka kizingiti, akainamisha kichwa. Alisikiliza mpaka santuri ikaisha. Kisha akasema, "Ni Rai," akaenda zake nyumbani. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Waziri alibaki wa mwisho. Akamwuliza Shangazi kwa sauti ndogo sana, "Na mimi niko wapi?"

Leo asubuhi wanawake wawili walikuja kuuliza kama ni halali kuchezesha wimbo ndani ya eda. Shangazi akawajibu kwamba ule haukuwa wimbo, ulikuwa ushahidi, na mjane aliyezuiwa kwenda barazani ana haki ya kuupeleka ushahidi wake. Wamekunywa chai wakaenda.

Nimelia, Kaka. Sikulia mbele yao, nililia walipokwisha kuondoka. Alikuwa akiniambia kila jioni, "Nipo," na mimi nikidhani anajifariji. Mtu aliyekuwa akisema kweli kila siku nyumbani kwake, na mkewe anamwitikia kama mgonjwa. Hilo ndilo lililoniliza.

Mshukuru Jefwa. Mwambie kwamba Shangazi anamshonea kofia, na utepe wake hautakuwa mwekundu.

Mdogo wako,
Mwanapili


Msambweni,
15 Novemba 1963

Kwa Bibi Mwanapili, kwa mkono wa Bi Mwanaima

Assalaam alaykum.

Nimengoja siku kadhaa kabla ya kuandika, ili kalamu isitangulie moyo. Sikuwa mwongo. Nilisema nilichokisikia, kwa mashine niliyokuwa nayo. Mashine yangu ndiyo iliyosema uongo, nami nikaiamini kwa sababu ilinitaja mimi. Nimeifunga ndani ya gunia.

Wazee wamekaa. Wamekubaliana kwamba marehemu Rai ndiye mtu wa mwisho aliyeipigia chama, na ngoma ni ya nyumba yake. Mzee Tembo ameongeza kwamba hakuna mtu yeyote, akanitazama mimi, atakayelisema jambo hili tena.

Sasa nakuja kwako kama mwombaji, si kama mwenyekiti. Siku ya Uhuru imekaribia na hatuna ngoma kuu. Tunaomba utuazime. Nitaipiga mimi, kwa kuwa hapana mwingine anayeijua. Jina la marehemu litatajwa kabla ya pigo la kwanza.

Nina ombi jingine, ukiona linafaa. Eda itakapokwisha, mimi na mke wangu tungependa kuja kuisikiliza santuri yote nyumbani kwako, sauti na ngoma kwa pamoja. Nimeimba juu ya ngoma ile siku nzima kule Mombasa na sijawahi kutusikia tukiwa wawili.

Ni mimi,
Waziri


Msambweni,
20 Novemba 1963

Kwa Bwana Waziri

Waalaykum salaam.

Ngoma itakwenda Kwale. Haiazimwi kwa barua. Mtakuja chama kizima, mvue viatu barazani, na mbishe hodi kwa jina la mwenye nyumba. Mtasema, "Hodi kwa Rai." Shangazi hatafungua kwa jina jingine. Mtaipokea mkononi mwangu, na baada ya sherehe mtairudisha ukutani pale pale mlipoitoa.

Jina lake litatajwa kabla ya pigo la kwanza, kama ulivyosema, na litatajwa lote: Rai wa Mwinga, wa Kinango na Msambweni.

Utaipiga wewe, sina neno. Lakini utaipiga kwa pigo lake, lile la kuchelewa. Ulilikanya miaka yote, kwa hivyo najua unalijua. Kama umelisahau, njoo na mkeo mapema, eda ikishamalizika, mketi mbele ya kasha mjifunze. Kahawa ipo.

Wakati huo nitakuwa huru kutoka, kabla ya nchi kwa siku chache. Nitakuja Kwale na kasha langu juu ya lori la korosho, kimashine na betri mpya ndani yake, na nitaketi mbele. Piga kwa nguvu, Bwana Waziri, nikusikie nilipo. Nikisikia unaibembeleza, au unapiga kwa mtindo wako, nitainuka mbele ya watu wote wa Kwale, nifungue kasha, nimwache Rai apige mwenyewe.

Ni mimi,
Mwanapili, mke wa Rai